Kutoka elephas hadi matende: Kigiriki na Kilatini kwenye kadi ya hospitali. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wagonjwa, ndugu wanaowauguza, na wanafunzi wa uuguzi na utabibu wa mikoa ya kusini. Tumeweka matende na mabusha katikati kwa sababu pwani hii inayajua, na kwa sababu majina yake ya kitabibu yanafundisha karibu kila kitu: mzizi, kiambishi, irabu ya kuunganishia, kosa la kale la tafsiri. Maneno yaliyoandikwa kwa tahajia ya kigeni ni yale utakayoyakuta hivyo hivyo kwenye kadi au kitabuni.

Elefantiasisi maana yake nini hasa?

Ni neno la Kigiriki lenye vipande viwili. Elephas ni tembo. Likiungana na kipande kingine shina lake huwa elephant-. Kiambishi -iasis huonyesha hali ya ugonjwa. Kwa Kiswahili cha moja kwa moja ni "ugonjwa wa kuwa kama tembo".

Aliyelitunga alikuwa anatazama ngozi. Mguu wenye matende ya miaka mingi una ngozi nene iliyokakamaa. Ukiibonyeza kwa kidole gumba haibonyei kama unavyobonyea uvimbe mchanga. Juu ya kifundo kuna mikunjo mizito. Ndani ya mikunjo hiyo na katikati ya vidole ndimo unyevu hubaki, fangasi huota, na bakteria hupata mlango. Yote hayo yamefungwa katika mfano mmoja wa mnyama. Kuhusu mnyoo na mbu neno liko kimya, kwa kuwa hayo yalijulikana karne ya 19. Maneno mengi ya zamani ya tiba ndivyo yalivyo: yanaeleza kilichoonekana kwa macho, na chanzo inabidi ukitafute kwingine.

Nimesoma kwamba Wagiriki waliita ukoma elefantiasisi. Ni kweli?

Ni kweli, na ndiyo maana vitabu vya zamani vinachanganya watu. Aretaeus wa Kapadokia, daktari aliyeandika kwa Kigiriki katika karne za mwanzo baada ya Kristo, alipoeleza elefantiasisi alikuwa anaeleza ugonjwa ambao leo tunauita ukoma. Neno lepra nalo Wagiriki walikuwa nalo, ila kwao lilihusu ngozi inayotoka magamba. Linatokana na lepis, gamba.

Madaktari walioandika kwa Kiarabu waliyatenganisha vizuri. Ukoma waliuita judham, na mguu uliovimba wakauita da' al-fil, ugonjwa wa tembo. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana jedhamu imo kwenye kamusi zetu hadi leo kwa maana ile ile. Vurugu ilianza karne ya 11 kusini mwa Italia, vitabu vya Kiarabu vilipotiwa katika Kilatini, kazi ambayo mtu wake mashuhuri ni Constantinus Africanus. Judham ikawa lepra, na da' al-fil ikawa elephantiasis. Neno moja likabaki limebeba maradhi mawili: ukoma kwa aliyesoma Wagiriki, matende kwa aliyesoma tafsiri za Waarabu.

Ikabidi waandishi wa baadaye waseme elephantiasis Graecorum, "ya Wagiriki", kwa ukoma, na elephantiasis Arabum, "ya Waarabu", kwa matende. Ukikutana nayo katika kitabu cha karne ya 19, neno la pili ndilo linalokupa ugonjwa. La kwanza peke yake halitoshi.

Kitabibu maradhi haya hayana undugu. Ukoma ni wa bakteria, Mycobacterium leprae, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, na mara nyingi huanza na baka lililokufa ganzi. Matende ya pwani yetu ni ya mnyoo unaoletwa na mbu. Baka lisilosikia mguso wa pamba lipelekwe zahanati mapema. Ukoma una dawa na unapona.

Je, niandike "elephantitis"?

Hapana. Kosa hili ni la kila siku. -itis ni uvimbe wa moto wa sehemu ya mwili, na tembo si sehemu ya mwili. Kiambishi -iasis ndicho kinachopendwa kwa maradhi ya vimelea: filariasisi, schistosomiasisi, kandidiasisi.

Kuna jambo zuri ndani ya -itis lenyewe. Zamani halikumaanisha uvimbe wa moto. Kilikuwa kivumishi tu chenye maana ya "wa", kikipatana na nosos, yaani ugonjwa. Arthritis nosos ni "ugonjwa wa viungo". Baadaye nosos ikadondoshwa, ikabaki arthritis, sawa na mtu aliyekata "ugonjwa" akabaki na "wa viungo" peke yake. Anayejua upatanisho wa ngeli za Kiswahili analielewa hili mara moja.

Neno refu nalichambuaje? Nipeni hatua.

Tuchukue linalowatisha wanafunzi wengi: dermatolymphangioadenitis. Kwenye mafunzo ya matende hufupishwa ADLA, ile A ya kwanza ikiwa ya "acute", yaani ya ghafla.

Kwanza, anza mwishoni. Kiambishi cha mwisho ndicho kinachosema ni jambo la aina gani: -itis, uvimbe wa moto.

Pili, ondoa irabu za kuunganishia. Karibu kila mara ni o, kazi yake ni kulainisha matamshi, na mara nyingi hudondoka ikifuatwa na irabu nyingine. Unapata dermat / lymph / angi / aden / itis.

Tatu, taja kila mzizi. Derma ni ngozi, na shina lake ni dermat-. Lymph- ni limfu, ile tutakayoieleza hapa chini. Angeion ni chombo, na kwa madaktari ni mshipa unaobeba kitu. Aden ni tezi.

Nne, soma ukirudi nyuma: uvimbe wa moto wa tezi, wa mishipa ya limfu, wa ngozi.

Tano, linganisha na aliyelala mbele yako. Ana homa na baridi ya kutetemesha, mguu una joto, umewiva na unauma, na kinenani kuna mitoki. Mitoki ndiyo aden, mstari unaouma kupanda pajani ndio lymphangi-, na ngozi iliyowiva ndiyo dermat-. Neno zima unaliona mwilini.

Makosa hutokea kwa anayesoma kuanzia mbele na kuishia derma: mgonjwa anapewa mafuta ya kupaka na kurudishwa nyumbani. Shambulio hili linataka kupumzika, kuinua mguu, kuupoza kwa maji safi, dawa ya maumivu, na kwenda kituoni kwa ajili ya antibiotiki. Mguu usikandwe kwa maji ya moto, usisuguliwe, usichanjwe.

Angalizo moja: angi- ya mshipa haihusiani na angina ya maumivu ya kifua. Angina ni ya Kilatini angere, kukaba.

Limfu imetoka wapi?

Lympha ni Kilatini: maji maangavu, ya chemchemi. Tahajia ya zamani ilikuwa lumpa. Warumi waliopenda Kigiriki wakaipa y na ph kwa kuifananisha na nymphe, majini wa kike ambao Wagiriki waliamini wanakaa kwenye chemchemi. Kwa hiyo neno linaonekana la Kigiriki, nalo ni la Kilatini lililovishwa. Majimaji yanayochuruzika kwenye ngozi iliyopasuka ya mguu wenye matende, maangavu au yenye umanjano hafifu, ndiyo limfu yenyewe.

Kadi imeandikwa "lymphoedema", nyingine "lymphedema". Na "pedal oedema" ni ya watoto?

Oidema ni uvimbe, kutoka kitenzi oidein, kuvimba. Mzizi huo umo katika jina la mfalme wa hadithi za Kigiriki, Oidipous, "mwenye mguu uliovimba", aliyetobolewa vifundo akiwa kichanga. Limfedema basi ni nusu Kilatini, nusu Kigiriki. Kilatini kiliandika oi ya Kigiriki kama oe, na ai kama ae. Waingereza wakaziacha (oedema, anaemia, haemorrhage), Wamarekani wakazipunguza. Hospitali zetu kwa kawaida hufuata Kiingereza cha Uingereza, ila vitabu na programu nyingi za simu ni za Marekani. Ukitafuta neno na halitokei, jaribu tahajia zote mbili kabla ya kusema halimo.

Pedal hapo ni Kilatini pes, ped-, mguu. "Pedal oedema" ni uvimbe wa nyayo na vifundo. Neno la watoto ni la Kigiriki pais, paid-, ndiyo maana linaandikwa "paediatric" kwa ae. Ukifuata tahajia ya Kimarekani tofauti hiyo inapotea, na hapo ndipo mwanafunzi huteleza.

Haidrosili ni busha, ni ngiri, au ni mshipa?

Ni busha. Hydor ni maji, kele ni uvimbe au kitu kilichotokeza. Kwenye kadi ni "hydrocele". Ngiri, au henia, ni neno la Kilatini hernia: sehemu ya ndani, mara nyingi utumbo, imepenya ukuta wa tumbo. Shida iko kwenye mshipa. Kwa Kiswahili mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni ngiri, na kwa wengi ni busha pia. Mzee akisema "nina mshipa, mwanangu", tabibu bado hajaambiwa ugonjwa. Hapa Kigiriki na Kilatini vinasaidia kweli, kwa sababu vinatenganisha kile ambacho Kiswahili kimeweka kapu moja.

Kutofautisha kwa mkono: kwa busha, vidole vya mpimaji vinaweza kukutana juu ya uvimbe, kwa kuwa umeishia ndani ya mfuko wa korodani. Kwa ngiri iliyoshuka vidole havikutani, maana uvimbe unaendelea hadi kinenani. Mara nyingi huongezeka mgonjwa akikohoa na kupungua akilala chali. Kisha kuna tochi. Chumba kikiwa na giza, tochi ndogo ikigusishwa upande mmoja wa uvimbe, maji ya busha hupitisha mwanga na uvimbe wote hung'aa wekundu kama kiganja kilichofunika taa. Ngiri yenye utumbo kwa kawaida haing'ai.

Kipimo cha tochi kina mipaka yake. Busha la miaka mingi lenye ukuta mnene, au lenye damu ndani, halipitishi mwanga. Utumbo wa mtoto mchanga, kinyume chake, unaweza kupitisha. Ndiyo maana uamuzi ni wa tabibu, na penye shaka hupimwa kwa altrasaundi. Maumivu makali ya ghafla ya korodani, au ngiri iliyogoma kurudi huku mgonjwa anatapika na tumbo linajaa, ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwenye fomu ya ridhaa wameandika "hydrocelectomy". Wanatoa korodani?

Hapana, na hofu hii imewafanya wanaume wengi wakae na busha miaka. -ektome ni kukata na kutoa nje (ek, nje, tome, mkato), lakini kinachotolewa ni kile kilichotajwa mbele yake: hydrocele, yaani mfuko wa maji, wote au sehemu yake. Kutoa korodani kuna neno lake kabisa, orchidectomy, kutoka orchis, korodani. Maneno hayo mawili yaonwe kwa utulivu kabla ya kuweka sahihi, na mwuguzi ayasome kwa sauti.

Viambishi vitatu vya upasuaji hufanana: -ektomi hutoa kitu, -otomi hufungua kwa mkato, kama laparotomi, kufungua tumbo, -ostomi hutengeneza mdomo mpya (stoma ni mdomo), kama kolostomi, ambapo utumbo mpana hutolewa kwenye ngozi ya tumbo. Kunyonya maji ya busha kwa sindano hakumo katika hivyo vitatu. Maji hurudi, na sindano inaweza kuingiza uchafu.

Filaria na Wuchereria bancrofti: nayo ni Kigiriki?

Filaria ni Kilatini, filum, uzi. Mnyoo mzima ni mwembamba kama uzi mweupe, na hukaa kwenye mishipa ya limfu. Mikrofilaria ni watoto wake, kutoka mikros ya Kigiriki, -dogo.

Jina kamili ni la watu wawili. Otto Wucherer aliwaona watoto wa mnyoo huu katika mkojo wa mgonjwa huko Bahia, Brazili, mwaka 1866. Joseph Bancroft alimpata mnyoo mzima Brisbane, Australia, mwaka 1876. Mwaka uliofuata Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, akaonyesha kwamba mnyoo hukua ndani ya mbu. Majina ya namna hii hayachambuliki. Unayajua au huyajui.

Mikrofilaria wa huku kwetu hujitokeza kwenye damu usiku. Kipimo cha kuwatafuta kwa hadubini huchukua damu kati ya saa 4 na saa 8 usiku; ikichukuliwa mchana, kioo kinaweza kuonekana safi kwa mtu mwenye maambukizi. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha antijeni, yaani chembe za mnyoo zilizomo kwenye damu, ambacho hakijali saa. Kingatiba ya ivermectin na albendazole hupunguza mikrofilaria na kukata uambukizaji, ila mguu uliokwisha kukakamaa hairudishi. Huo ni wa kuoshwa kwa sabuni na maji safi kila siku, kukaushwa vizuri kati ya vidole, na kuinuliwa.

Mbu nao wana majina yao: Anopheles ni Kigiriki, "asiye na faida", Culex ni Kilatini, mbu tu, Aedes ni Kigiriki, "asiyependeza".

Hypo na hyper nazichanganya kila siku. Nifanyeje?

Zote ni Kigiriki: hypo- ni chini, pungufu, hyper- ni juu, kupita kiasi. Kiswahili kinakupa kikumbushio. Hypo hutamkwa "haipo". Sukari haipo, presha haipo. Ukiikumbuka hiyo, ile nyingine inajitaja yenyewe.

Tofauti hii hubeba uhai. Mgonjwa wa kisukari anayetoka jasho, anayetetemeka na kuchanganyikiwa, akiwa na sukari chini ya 3.9 mmol/L, ana hypoglycaemia. Akiwa macho na anameza, anahitaji gramu 15 za sukari, kama vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, na kupimwa tena baada ya dakika 15. Mtu akisoma hyper na kumpa insulini, anaweza kumuua. Kwa mwandiko wa mkono tunashauri kuandika namba ya kipimo kando ya neno kila mara. Namba haina hypo wala hyper.

Kwa nini kiungo kimoja kina majina mawili?

Kwa sababu anatomia ilikaa zaidi na Kilatini, na magonjwa na upasuaji vikakaa zaidi na Kigiriki. Figo ni ren kwa Kilatini (ateri ya renal) na nephros kwa Kigiriki (nefritisi). Mapafu ni pulmo na pneumon, ngozi ni cutis na derma, ulimi ni lingua na glossa, damu ni sanguis na haima. Hiyo ni desturi, si sheria, na ina vighairi vingi.

Moyo ni cor na kardia, na kardia ipo shambani kwako. Jina la kitaalamu la mkorosho ni Anacardium occidentale, alilolipa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Ndani yake mna kardia, kwa ajili ya umbo la moyo. Chunguza bibo lililoiva na korosho yake ikining'inia chini, utaona walichokiona. Kutoka Anacardium kukapatikana jina la kadoli, moja ya kemikali za mafuta ya ganda la korosho yanayobabua vidole vya wanaobangua kwa mkono. Kadoli haihusiani na moyo hata kidogo. Imerithi jina la mti. Ugonjwa inaouleta kwenye mikono ni dermatitisi, na hiyo sasa unaweza kuichambua mwenyewe.

Na yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimama Berlin? Werner Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914: brachion ni mkono wa juu, sauros ni mjusi, kwa sababu miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma. Leo wataalamu humwita Giraffatitan. Brachion hiyo hiyo ndiyo ateri ya brachial, pale unapofungwa mkanda wa presha. Ch ya Kigiriki hutamkwa k: sema "breikio", usiseme kwa ch ya chai.

Herufi za kwenye cheti cha dawa ni za lugha gani?

Kilatini. Rx ni recipe, "chukua". Bd ni bis die, mara mbili kwa siku. Tds ni ter die sumendum, ya kunywewa mara tatu kwa siku. Stat ni statim, sasa hivi. Prn ni pro re nata, ikihitajika. Nocte ni usiku. Ac na pc ni kabla na baada ya chakula. Po ni per os, kwa mdomo.

Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1x3 au 2x2. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa siku. Wapo wanaomeza vitatu kwa mkupuo kwa kusoma 1x3 kinyume, kwa hiyo dirishani muulize mgonjwa arudie kwa mdomo wake. Mara tatu kwa antibiotiki ni kila saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Od ni ya hatari zaidi. Kwa kawaida ni mara moja kwa siku, ila kliniki ya macho OD ni oculus dexter, jicho la kulia. Iandikwe kwa maneno.

Kichocho kina jina gani, na lina maana gani?

Schistosomiasisi: schistos, -liopasuliwa, soma, mwili. Dume la mnyoo lina mfereji mrefu mwilini, kana kwamba limepasuliwa kwa urefu, na jike hukaa humo. Haematobium, aina inayoshambulia kibofu, ni haima na bios: anayeishi katika damu. Dalili, haematuria, ni haima na ouron, damu kwenye mkojo.

Chikungunya nayo ni Kigiriki?

Ni Kimakonde. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika kitaalamu mwaka 1955, na jina waliloliweka kwenye maandishi lilikuwa lile lililosemwa na wenyeji, kutoka kitenzi kungunyala, kujikunja, kupindika. Mgonjwa alitembea amejikunja kwa maumivu ya magoti, vifundo na viwiko. Machapisho mengi ya nje husema ni Kiswahili. Yasahihishwe popote yanapoonekana.

Tazama namna lilivyotungwa. Mmakonde alifanya kile kile alichofanya Mgiriki na tembo wake: alitazama mwili, akataja alichokiona. Kiswahili nacho kina degedege, kutoka dege, na pepopunda, ambayo kwa Kigiriki ni tetanos, kunyooshwa kwa kukaza. Wagiriki kifafa walikiita epilepsia, kukamatwa. Wagaa wa Ghana walitoa kwashiorkor, iliyoingia vitabuni kwa mkono wa daktari Cicely Williams miaka ya 1930, na wodini inakaa kitanda kimoja na marasmus ya Kigiriki, kunyauka.

Kwenye kadi ya mgonjwa wa chikungunya utaona "arthralgia": arthron, kiungo, algos, maumivu. Kama viungo vimevimba pia, ni "arthritis". Kirusi chenyewe huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotulia nyumbani, kwa hiyo mitungi, madumu na mapipa yafunikwe, na yasuguliwe ndani kila wiki maana mayai hung'ang'ania ukutani.

Niandike matende au limfedema?

Kwenye kumbukumbu za hospitali andika "lymphoedema", kwa sababu inataja kinachotendeka ndani, na inakubali hatua zote, hata mguu uliovimba kidogo jioni na kushuka asubuhi. Elefantiasisi inafaa tu kwa ngozi iliyokwisha kuwa ya tembo, na hakuna mtu anayefurahia kuandikwa tembo. Kwa mgonjwa na nyumbani kwake sema matende; ni neno la watu wote na halimdhalilishi mtu. Kwa mabusha, sema busha, na usikubali "mshipa" upite bila kuulizwa ni upi.

Kadi ikisomeka "lymphoedema L leg, stage 3", mwambie hivi: una matende ya mguu wa kushoto, hatua ya tatu kati ya saba, uvimbe hauondoki usiku, na ngozi imeanza kujikunja mikunjo isiyo na kina. Halafu mwonyeshe mikunjo yenyewe, na namna ya kupitisha kitambaa kikavu ndani yake.